Serikali Isinunue Ndege, Inunue Safari

Mara ya mwisho nilipopanda ndege kutoka Kilindoni, kisiwani Mafia, tulipimwa sote, watu na mizigo, kwenye mzani mmoja. Mbele yangu alisimama bibi mmoja aliyebeba mkeka mpya uliokunjwa na kapu la pweza mkavu. Kijana wa kaunta alimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba. Bibi akapanda mzani na kapu lake mkononi, kijana akaandika namba kwenye karatasi, kisha akamwambia kwa adabu kwamba mzigo umezidi. Bibi hakubisha. Alikaa palepale sakafuni, akafungua kapu, akaanza kuwatoa pweza mmoja mmoja na kumkabidhi mjukuu aliyekuja kumsindikiza, akimwelekeza yupi apelekwe kwa nani na yupi arudi nyumbani. Tiketi yake walikuwa wamechanga watoto watatu. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuonana na daktari wa macho, mwendo wa nusu saa hivi angani.

Kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye injini moja na viti 12 au 13 vya abiria, kilo tatu za pweza si za kupuuza. Rubani anajumlisha watu, mizigo na mafuta, na hesabu ikizidi lazima kitu kibaki. Simlaumu yule kijana. Lililonikaa moyoni ni kwa nini safari ya kwenda kwa daktari, ambayo kwa mtu wa Kibaha au Morogoro ni nauli ya basi tu, kwa bibi huyu iwe mchango wa ukoo mzima. Mtu wa Kibaha hajalipia lami anayopita. Lami iliwekwa na serikali kwa kodi za wote, yeye analipia kiti. Bibi wa Mafia analipia vyote: kiti, ndege, rubani, mafuta, ada ya kiwanja, na faida ya mwenye ndege juu yake. Barabara yake iko angani, na kila akipita anaijenga upya kwa fedha za wanawe.

Wako waliokwisha kujaribu kuunganisha visiwa vyao kwa shirika la ndege la serikali, kwa miongo mingi kuliko sisi, na kwa nia njema kabisa, wakaanguka. Ni watu wa visiwa vya Karibi ya mashariki, na shirika lao liliitwa LIAT, kifupi cha Leeward Islands Air Transport. Lilianzishwa mwaka 1956 kisiwani Montserrat na Frank Delisle, aliyeanza na kindege cha Piper Apache akivusha watu kati ya Montserrat na Antigua. Kiwanja alichoanzia hakipo tena. Volkano ya Soufrière Hills iliamka mwaka 1995, na mwaka 1997 ikakiangamiza. Hadi kiwanja kipya kilipofunguliwa mwaka 2005, watu wa Montserrat walitegemea boti na helikopta. Shirika lenyewe lilikuwa limeshakua na kuhamia Antigua. Lilipita mikononi mwa BWIA, shirika la ndege la Trinidad, baadaye likachukuliwa na kampuni ya Uingereza ya Court Line. Court Line ilipofilisika mwaka 1974, serikali 11 za Karibi zilikataa kuona visiwa vyao vikikatika, zikalinunua. Ndiyo maana jina lake la kisheria likabeba mwaka huo: LIAT (1974).

Chukua ramani uone walichokuwa wanaunganisha. Visiwa vimejipanga kama upinde, kuanzia karibu na Puerto Rico upande wa kaskazini hadi Trinidad upande wa kusini, na LIAT ilifika mpaka Guyana barani. Ni nchi ndogo mno kwa watu. Dominica ina watu kama 70,000, St Kitts na Nevis kama 50,000, Antigua na Barbuda hawafiki laki moja. Nyingi zinatumia sarafu moja, dola ya Karibi ya Mashariki, na benki kuu moja iliyoko St Kitts. Zina mahakama kuu moja yenye makao St Lucia, na majaji wake wa rufaa husafiri kutoka kisiwa hadi kisiwa kusikiliza kesi. Vijana wao wengi wamesoma chuo kikuu kwenye kampasi ya Cave Hill, Barbados, wakivuka bahari kwenda na kurudi likizo. Timu yao ya kriketi ni moja, West Indies. Mataifa haya yamejifunga pamoja kwa mikataba mizuri, lakini jaji hafiki mahakamani kwa mkataba. Anafika kwa ndege ya saa moja asubuhi, na isipoondoka kesi inaahirishwa.

Hesabu yenyewe ya kuunganisha visiwa ina ukaidi wake. Visiwa vitatu vina jozi tatu za safari. Visiwa kumi vina jozi 45. Hakuna shirika duniani litakaloweza kurusha ndege 45 tofauti kila siku kwa watu wachache kiasi hicho, kwa hiyo linachagua moja kati ya mawili. Ama linakusanya kila mtu kwenye kitovu kimoja, abiria anabadilisha ndege, na njia 45 zinakuwa tisa. Ama linaifanya ndege iende kama daladala: inatua kisiwa hiki, inashusha watano, inapakia saba, inaruka kwenda kinachofuata. LIAT ilifanya yote mawili, vitovu vyake vikuu vikiwa Antigua na Barbados. Kwenye daladala ya angani, kituo kimoja kikichelewa vyote vinachelewa. Mvua ikifunga milima ya Dominica asubuhi, anayesubiri Grenada jioni ndiye anayelala kwenye kiti cha uwanja. Wenyeji walitunga utani mwingi juu ya herufi nne za jina la shirika lao, na karibu wote ulihusu kuchelewa na mizigo iliyobaki nyuma. Mtu hutania hivyo kwa kitu anachokitumia kila siku na asichokuwa na mbadala wake.

Halafu kuna gharama ambayo abiria haioni. Mtu hudhani safari ya dakika 20 inapaswa kuwa na bei ya theluthi moja ya safari ya saa nzima. Haiwi hivyo. Ndege hula mafuta mengi zaidi inapopanda, na kwenye safari fupi muda mwingi inapanda, kisha inashuka. Magurudumu, breki na sehemu nyingi za injini huhesabiwa uhai wake kwa idadi ya kuruka na kutua, saa za hewani zikiwa nusu tu ya hadithi. Ndege inayotua mara nane kwa siku inachakaa haraka kuliko ile inayovuka bahari mara moja na kutua kwa utulivu. Kila inapotua inalipa ada ya kutua, wahudumu wa chini, wapakiaji na kaunta. Na wakati ndege kubwa inazigawa gharama hizo kwa watu 180, ndege za Dash 8 za LIAT zilizigawa kwa watu 37 au 50, kama zimejaa.

Juu ya hapo serikali ziliweka kodi zao. Hapa ndipo ninapoona kosa halisi. Katika baadhi ya safari za Karibi ya mashariki, kodi na ada za viwanja zilikaribia nusu ya bei anayolipa abiria. Waziri yuleyule aliyelalamika bungeni kwamba nauli ni kubwa ndiye aliyekuwa anakusanya sehemu ya nauli hiyo kwenye kaunta. Na serikali zilizokuwa na hisa zilirudisha fedha kwa mlango wa nyuma, zikiziba hasara ya shirika mwaka hadi mwaka. Mkono mmoja ulikuwa unamtoza abiria, mwingine unalipa madeni, na katikati hakuna mwananchi aliyejua njia ya kwenda kwao inagharimu kiasi gani kwa mwaka.

Waliobeba mzigo walikuwa wachache kuliko waliobebwa. Miaka ya mwisho wenye hisa wakubwa walikuwa wanne: Barbados iliyokuwa na karibu nusu, Antigua na Barbuda, St Vincent na Grenadini, na Dominica. Ndege zilitua pia nchi nyingine ambazo hazikutoa kitu, au zilitoa kidogo. Kila mmoja alitaka kutembelewa, na bili ikaja kwa wanne. Ukiuliza kwa nini waliendelea, jibu ni kwamba walijua wakiacha, wao wenyewe wataumia. Ni kama jirani mwenye kisima: anajua wengine hawachangii kamba wala ndoo, lakini hawezi kukifukia.

Kuna watu wanaodhani dawa ni ushindani tu, acha soko lifanye kazi. Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 2000 iliingia Caribbean Star, shirika la tajiri wa Marekani Allen Stanford, likarusha ndege kwenye njia zilezile. Nauli zilishuka, watu wakafurahi, na mashirika yote mawili yakawa yanauza viti chini ya gharama. Mwaka 2007 yakaunganishwa, akabaki LIAT peke yake, na nauli zikapanda. Stanford alikuja kuhukumiwa kifungo cha miaka 110 nchini Marekani mwaka 2012 kwa ulaghai mkubwa wa kifedha, lakini hata angekuwa mfanyabiashara mwadilifu kuliko wote, njia yenye abiria 30 kwa siku haiwezi kulisha mashirika mawili. Wakipigana, mmoja atakufa, na atakayebaki atadai fidia ya vita kutoka kwa abiria.

Mwaka 2013 serikali zilijaribu dawa nyingine: ndege mpya. Zilikopa dola milioni 65 za Marekani kutoka Benki ya Maendeleo ya Karibi ili kuondoa Dash 8 zilizochoka na kuleta ATR. Mabadiliko hayo yaliangukia msimu wa watu wengi. Marubani walikuwa bado wanafunzwa ndege mpya huku za zamani zikiondoka, na majira yale ya joto yakawa ya safari zilizofutwa na mabegi yaliyorundikana. ATR ni ndege nzuri, nasi tunaziona hapa kwetu. Lakini ndege mpya haibadilishi idadi ya watu wa Dominica. Deni lilikuwa jipya, abiria walikuwa walewale.

Jambo linaloniuma ni kwamba dawa ilipatikana, ikachelewa. Mwaka 2019 LIAT ilizipelekea serikali pendekezo la kila nchi kudhamini kiwango cha chini cha mapato: unataka ndege ngapi kwa wiki, zikikosa abiria wa kutosha utafidia pengo la hizo tu. Kwa mara ya kwanza kila kisiwa kiliwekewa bei yake mezani. Mazungumzo yalisuasua. Barbados, mwenye hisa mkubwa, tayari ilikuwa inatafuta kutoka. Kisha likaja janga la korona mwaka 2020, ndege zikalala, na Juni mwaka huo Waziri Mkuu wa Antigua na Barbuda, Gaston Browne, akatangaza kwamba shirika litafilisiwa. Mahakama iliteua msimamizi, ndege chache zikarudi angani mwezi Novemba, na tarehe 24 Januari 2024 LIAT (1974) ikasimama moja kwa moja. Mamia ya wafanyakazi waliopoteza ajira mwaka 2020, marubani, wahudumu na mafundi waliokuwa wameitumikia miaka 20 na 30, walibaki kwa miaka wakidai mafao yao, huku serikali zikibishana ni nani mwenye deni.

Waliobaki bila ndege waliona kitu ambacho mtaalamu yeyote angekitabiri. Mashirika mengine yaliziba sehemu ya pengo, interCaribbean, Caribbean Airlines, Winair, kila moja kwa ratiba na tiketi zake. Njia zilizokuwa na watalii zilipata ndege. Njia za jirani kwa jirani zilikonda. Ikafika mahali kuna safari za kisiwa hadi kisiwa ambazo njia yake ya haraka ilikuwa kupitia Miami. Dominica ilikuwa imeanza kupata ndege ya moja kwa moja kutoka Miami Desemba 2021, na ilikuwa habari njema kwa hoteli zake. Lakini mtu wa Dominica anayepitia Miami anahitaji viza ya Marekani. Mtu anaomba ruhusa ya taifa jingine ili akamzike shangazi yake kisiwa cha pili, ambacho siku ya hewa safi anaweza kuona milima yake kutoka ufukweni kwao. Agosti 2024 Antigua na Barbuda ilizindua LIAT mpya kwa ubia na Air Peace ya Nigeria, na nafurahi kuona mtaji wa Afrika ukivuka Atlantiki kwa heshima. Ila kama ile hesabu ya nani analipia njia gani haijaandikwa, jina jipya litazeeka mapema.

Sasa nenda mbali kaskazini, Scotland, kwenye visiwa vya Orkney. Vyote pamoja vina watu kama 22,000, theluthi moja ya watu wa Mafia. Kutoka mji mkuu wao, Kirkwall, kindege cha Islander cha abiria wanane kinazunguka visiwa vidogo: Sanday, Stronsay, Eday, North Ronaldsay, Westray na Papa Westray. Kati ya Westray na Papa Westray umbali ni kilomita 2.7 tu. Ndiyo safari fupi kuliko zote duniani zenye ratiba, imekuwepo tangu 1967, na kwenye ratiba imeandikiwa dakika mbili. Upepo ukiwa mzuri haifiki hata hizo. Watalii huenda kuipanda ili wapate cheti. Papa Westray ina watu wasiofika mia.

Kwa hesabu ya duka, njia hiyo isingeishi wiki moja. Inaishi kwa sababu halmashauri ya Orkney inaihesabu kama barabara. Haimiliki shirika la ndege. Inatangaza zabuni, inaandika idadi ya safari, visiwa vya kufikiwa, nauli ambayo mkaaji atalipa, na kiasi ambacho halmashauri itamlipa mshindi kuziba pengo. Loganair, iliyoanzishwa mwaka 1962, imeifanya kazi hiyo miaka yote. Walimu wanapanda asubuhi kwenda kufundisha, wazee wanakwenda hospitali Kirkwall na kurudi. Mkataba ukiisha unashindanishwa upya, na mlipa kodi anajua analipia nini.

Upande wa pili wa Scotland kuna Barra, ambako ndege inatua ufukweni, kwenye mchanga, na ratiba inafuata maji kujaa na kupwa. Mtu wa Kizimkazi au Jibondo anayejua bamvua na maji mafu angeisoma ratiba ile bila kufundishwa. Nayo ni njia ya mkataba wa serikali. Ndege zenyewe za Barra zilinunuliwa na serikali ya Scotland, kwa hiyo siwezi kudai kwamba umma usimiliki chuma hata kidogo. Lakini kazi ya kuzirusha ilibaki ya mkataba, yenye mwanzo, mwisho na bei. Hakuna waziri mkuu anayekaa mwenyekiti wa bodi akiamua rubani gani aajiriwe.

Kuna njia ya tatu inayopendwa na wanasiasa kwa sababu ni rahisi kuitangaza jukwaani, nayo ni punguzo kwa wakaaji. Wakaaji wa visiwa vya Uhispania, Kanari na Baleari, wanapata punguzo la asilimia 75. Wale wa visiwa vya kaskazini na magharibi mwa Scotland wamekuwa na punguzo tangu mwaka 2006, lililoanza na asilimia 40 na baadaye likafika nusu ya nauli. Punguzo linamsaidia anayesafiri leo, silipingi. Shida yake ni kwamba serikali inalipa asilimia ya bei ambayo muuzaji ndiye anayeipanga. Kwenye njia yenye shirika moja, atakayenufaika kwanza ni mwenye shirika. Na punguzo haliwezi kuita ndege mahali ambapo hakuna ndege.

Nirudi nyumbani. Pemba ina zaidi ya watu laki tano. Ni watu wengi kuliko Dominica, Antigua, St Kitts na St Vincent kwa jumla. Kwa idadi hiyo ingepaswa kuwa na ndege za kushindana. Lakini mtandao wa ndege ndogo za Tanzania umechorwa na mtalii: Arusha, Serengeti, Nyerere, Unguja, na Mafia msimu wa papa potwe, Oktoba hadi Machi. Sisemi hivyo kwa chuki. Bila mtalii, Kilindoni ingekuwa na ndege chache zaidi, na yule bibi alipata kiti kwa sababu mgeni alilipia vingi vilivyobaki. Ninachosema ni kwamba njia iliyochorwa na mgeni inafuata msimu wa mgeni na saa za mgeni, na bei yake inapangwa kwa mfuko wa mgeni. Yapo mashirika yanayotoa bei ya mkaazi, na yanastahili shukrani kwa hilo, lakini hiyo ni hiari yao. Hakuna aliyeahidi kwa maandishi kwamba mwezi Mei, hoteli zikiwa zimefungwa kwa masika, ndege itakuwepo.

Wasiomudu ndege wanapanda boti, na hapa siwezi kuandika kama mtu anayezungumzia nauli tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Watu wa visiwani hatuhitaji kuambiwa kwamba usafiri ni uhai. Ndiyo maana anayeniuliza kwa nini serikali ilipie ndege wakati zahanati hazina dawa ninamjibu kwanza kwamba boti salama itangulie, kwa kuwa ndiyo inayobeba wengi, na sitaki shilingi hata moja ya boti iende kwenye ndege. Lakini kuna safari ambazo boti haziwezi: mama mjamzito anayetokwa damu, mzee wa kiharusi, sampuli za maabara, siku za kusi bahari inapochafuka na boti ya Mafia kwenda Nyamisati, bandari ya bara, haitoki. Viti vya safari hizo ni vichache. Kuvinunua kwa mkataba ni nafuu sana ukilinganisha na kumiliki shirika.

Wakomoro wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Ngazija, Nzwani na Mwali ni nchi moja iliyogawanywa na bahari, na Maore (Mayotte), kisiwa cha nne, kiko chini ya Ufaransa, iliyowawekea Wakomoro viza mwaka 1995. Njia yenyewe ya angani si ngumu, visiwa vinaonana. Mashirika yamekuja na kuondoka, ndege zikikodiwa kwa miezi kisha zikirudi kwa wenyewe. Tarehe 26 Februari 2022 ndege ya Caravan iliyosajiliwa Tanzania, iliyokodishwa kufanya safari hizo, ilianguka baharini karibu na Mwali ikitoka Moroni, ikiwa na watu 14, wakiwemo marubani wawili Watanzania. Sitaki kusema chanzo ni nini, hilo ni la wachunguzi. Nasema tu kwamba maji yale ni yetu pia, na waliokuwa ndani walikuwa wanafanya safari ya kawaida kabisa, ya kutoka mkoa mmoja wa nchi yao kwenda mwingine.

Serikali zetu zikisikia hoja hii, najua pa kwanza zitakapokimbilia. Zitataka kununua ndege, ipakwe rangi za bendera, ipokewe kwa ngoma. Ndege ikishanunuliwa inahitaji vipuri kwa dola, rubani kwa mshahara wa soko, na ukaguzi mkubwa unaoiweka chini kwa wiki kadhaa, na hapo Pemba au Mwali itakuwa ya kwanza kufutwa ili ndege iende njia yenye fedha. Ningependa badala yake kuona tangazo la zabuni la kurasa mbili. Liandike: njia ya Pemba, au Mafia, au Mwali, safari kadhaa kwa wiki, mwaka mzima, masika na kiangazi, nauli ya mkaaji isiyozidi kiasi fulani, kilo za mzigo zisizopungua kiasi fulani, tena zimtosheleze mtu wa kisiwani, maana hasafiri mikono mitupu, viti viwili vya hospitali visivyouzwa hadi saa ya mwisho, na faini kwa kila safari iliyofutwa bila sababu ya hewa au usalama. Kodi na ada za kiwanja kwa mkaaji zifutwe kwenye njia hizo, serikali isimtoze kwa mkono mmoja anayemlipia kwa mwingine. Fedha inayobaki kulipwa itajwe hadharani kila mwaka pamoja na idadi ya abiria, ili anayetaka kupinga apinge akiwa na namba mkononi.

Na liandike saa. Hili watu wa ofisini hulisahau. Kliniki nyingi kubwa mgonjwa anatakiwa awe kwenye foleni saa moja au saa mbili asubuhi. Kama ndege ya kwanza kutoka kisiwani inafika mjini saa tano, yule bibi wa macho amelala mjini usiku mmoja kabla, na kama ya mwisho ya kurudi inaondoka saa saba mchana, analala na wa pili. Siku mbili za kulala, chakula, na mtu wa kumshika mkono, vyote juu ya tiketi. Ndege ikiondoka Kilindoni saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumeshapambazuka, na ya kurudi ikaondoka Dar es Salaam saa kumi jioni, anaonwa na daktari na kulala kwake.